Nyumba Tisa Nisizozifikia

Garsen, Jumamosi mchana

Mwanangu Rehema,

Umetoka asubuhi kwenda Hola kumuaga shangazi yako na wale mliofanya kazi pamoja ofisini, na umesema utarudi kabla jua halijazama. Mama yako yuko chumbani anapanga nguo zako kwenye sanduku. Akishazipanga anazitoa, anazikunja upya, anazirudisha. Nimemwacha. Mimi nimekaa hapa barazani na daftari, na ninataka nimalize kabla hujarudi, kwa sababu nikikuona usoni nitaanza kuzungumza habari za mvua.

Habari ya baridi ya Uingereza, ya soksi nzito, ya kutompa mtu pasipoti akushikie, ya kula hata chakula kikiwa hakina ladha, yote hayo mama yako ameshakuambia na kesho atakuambia tena njiani. Mimi nayaruka. Nina jambo moja tu. Ni refu na si zuri, na ilinipasa kukuambia kabla hujapeleka maombi yako chuoni. Nimechelewa. Lakini bora ulisikie leo, ukiwa bado unalala chini ya paa hili, kuliko ulisikie kwa mtu mwingine nikiwa sipo.

Unakumbuka ulivyotusomea insha yako ya maombi ya chuo? Ulikaa hapa hapa ninapokaa sasa. Mama yako alikuwa anachambua mchele. Ulisoma sentensi moja ya Kiingereza, ukamfasiria, ukasoma nyingine. Uliandika kwamba unataka kusomea maendeleo ya kimataifa na afya ya dunia kwa sababu ya mtu mmoja. Mafuriko yalipovikata vijiji vyetu na kipindupindu kikaingia, ulisema, baba yako, mkulima wa ndizi aliyeishia darasa la saba, aliingia majini na karatasi zake ndani ya mfuko wa plastiki, akapiga hodi nyumba baada ya nyumba. Kisha ukaisoma ile sentensi. "Baba yangu hakuruka nyumba hata moja."

Mama yako aliuweka ungo chini. Mimi niliinuka nikaenda nyuma ya nyumba, nikajifanya naangalia mbuzi. Ukanifuata.

"Baba, unalia?"

"Moshi tu," nikasema.

Ukacheka, ukanishika bega, ukadhani ni furaha. Jikoni hakukuwa na moto, Rehema.

Niliruka. Niliruka nyumba tisa, zote kwa siku moja, na sikuziruka kwa sababu ya maji.

Ili uelewe, lazima nianze na baba yako mkubwa, Buya. Unamjua kwa picha ile ya ukutani tu, amevaa shati la mistari na anacheka na mtu asiyeonekana. Alikuwa kaka yangu wa pekee. Shamba lake lilikuwa mbele ya kijiji cha Wema, ukingoni kabisa mwa mto, na pembeni yake ilipita njia ya ng'ombe kwenda kunywa maji, ile inayoitwa malka. Sababu za ugomvi wetu sisi wakulima na Waorma wafugaji huhitaji kuelezwa, umekua nazo. Ng'ombe wanataka mto, na mkulima anataka mto, na mto ni mmoja. Miaka ya nyuma wazee walikuwa wanakaa, wanagombana, wanakula pamoja, yanakwisha. Lakini mwaka mmoja hayakwisha. Buya alikutwa shambani kwake amelala kifudifudi, amechomwa mkuki mgongoni. Ni mimi niliyemgeuza.

Hatukujua nani. Mpaka leo sijui. Na upande wetu pia yalitendwa mambo mwaka ule ambayo sitayaandika humu, na waliotendewa nao walikuwa na ndugu wa kuwageuza. Lakini siku zile sikufikiri hivyo. Nilimzika kaka yangu, nikajifunza kuwaita watu wote wa ng'ambo kwa neno moja, "wale". Wewe ulikuwa bado unanyonya.

Ikapita miaka mitano hivi. Watu wakarudi kuuziana maziwa na mahindi, watoto wakarudi kukaa dawati moja. Mimi nilikuwa nimechaguliwa kuwa mhudumu wa afya wa kijiji, wa kujitolea, kwa sababu nilikuwa na mwandiko mzuri na nilijua Kiorma kidogo nilichookota utotoni nikichunga na watoto wao. Watu walikuwa wananitania wananiita daktari. Nilipenda. Mtu aliyeishia darasa la saba akiitwa daktari, hata kwa mzaha, hutembea kifua mbele.

Kisha mto ukafurika. Ulikuwa darasa la pili, na unakumbuka shule ilivyofungwa na tulivyolala wiki tatu kwa watu hapa Garsen. Unachokikumbuka wewe ni samaki waliokuwa wanaokotwa barabarani. Mimi nakumbuka vyoo. Maji yaliingia vyooni yakatoka na uchafu wote yakaenda visimani, na siku ya kumi watu wakaanza kuhara maji meupe kama yaliyooshewa mchele.

Likaja shirika moja kusaidia. Walikuwa watu wazuri, na sisemi hivyo kwa adabu tu. Walikuwa na boti moja, dawa, na pakiti za chumvi na sukari za kuchanganya na maji. Boti moja kwa delta yote. Kwa hiyo wakatupa sisi wahudumu fomu na kofia za manjano, kila mmoja na vijiji vyake, tuzunguke nyumba kwa nyumba tuandike wangapi wanahara, wangapi watoto, maji ya kunywa wanayatoa wapi. Jioni fomu zinakusanywa, na asubuhi boti inakwenda palipo na wagonjwa wengi. Ndivyo ilivyokuwa. Karatasi yetu ndiyo iliyokuwa inaiambia boti pa kwenda.

Siku mbili za kwanza nilifanya kazi kama ulivyoandika kwenye insha yako. Niliingia maji ya kifua. Nilimkuta bibi mmoja amepandishwa juu ya kitanda kilichowekwa juu ya kitanda kingine. Hayo ni kweli, wala sikuyatia chumvi nilipokusimulia.

Siku ya tatu, Jumanne, ilikuwa imebaki manyatta moja ya Waorma. Tulikuwa tukiiita kwa Galgalo, kwa jina la mzee wao. Ilikuwa kwenye mwinuko, ng'ambo ya mkono wa mto ambao kiangazi huwa mkavu kabisa. Sasa ulikuwa na maji, mapana kama uwanja wa mpira. Nilifika ukingoni saa tisa hivi. Niliziona nyumba zao za nyasi, nikazihesabu, tisa. Nikauona moshi kidogo. Kisha nikamwona mwanamke anatoka, anakuja mpaka kwenye maji upande wake, anapunga mtandio.

Alipunga muda mrefu. Hakupiga kelele, au alipiga na upepo ukachukua. Mimi nilisimama na kofia yangu ya manjano na ubao wangu wa kuandikia. Nilikata fimbo nikapima maji hatua chache kutoka ukingoni. Yalifika gotini. Nikaingia tena hatua mbili, yakapita goti kidogo. Nikatoka.

Nilijiambia maji yatakuwa na kina katikati. Nilijiambia kuna mamba. Kulikuwa na mamba, ndiyo, lakini siku mbili nzima nilikuwa nimeingia maji yenye mamba hao hao kwenda kwa watu wetu. Nikakaa chini ya mti wa mkoma nikafungua fomu. Sasa sikiliza neno lililopita moyoni mwangu, kwa sababu ndilo ninalokuandikia barua hii. Nilisema, "Wacha wapunge. Buya naye hakuna aliyemjia."

Nikaandika. Nyumba tisa. Wagonjwa wa kuhara, hakuna. Maji ya kunywa, ya mvua. Nilibuni hata watoto, nikaweka kumi na nne, kwa sababu nafasi iliyo tupu ingenifanya niulizwe. Mwandiko wangu ulikuwa mzuri kama kawaida. Nilipoinua kichwa yule mwanamke alikuwa ameacha kupunga. Alikuwa amesimama tu ananitazama ninavyoandika, na mtu mwingine amekuja kusimama naye. Nikafunga ubao, nikaondoka.

Jioni msimamizi wetu, kijana mpole kutoka Mombasa, alizipitia fomu za wote. Za wenzangu zilikuwa na mapengo. Mmoja alikuwa ameandika, "Sikufika, nimeogopa." Walimcheka. Yangu aliinyanyua akawaonyesha. "Hivi ndivyo inavyojazwa," akasema. "Haina pengo hata moja."

Utakwenda kukaa kwenye madarasa ya joto, mwanangu, mbele ya kompyuta, na utaletewa hesabu za watu wa mahali pengi. Mimi sijui wanafundishaje huko. Najua kitu kimoja tu, kwa sababu nilikifanya kwa mkono wangu. Aliyesema kweli siku ile ni yule aliyeandika nimeogopa. Ukiletewa karatasi isiyo na pengo hata moja, ulizia habari za aliyeijaza.

Asubuhi ya Jumatano boti ilikwenda upande wa Chara. Alhamisi ikaenda huko huko. Mimi nilikuwa dispensari nasaidia kuchanganya maji ya chumvi na sukari kwenye ndoo, wagonjwa wamelala mpaka nje. Alhamisi mchana akaingia mwanamume wa Kiorma, mrefu, mwembamba, amembeba mwanamke mgongoni kama anavyobebwa mtoto, amemfunga kwa shuka. Mkono mmoja umeshika mikono ya mwanamke kifuani pake, na mwingine umemshika msichana mdogo. Jina lake Bonaya. Alikuwa ametembea nusu siku.

Muuguzi alimfungua yule mwanamke, akamlaza, akamgusa shingo. Akaondoa mkono. Kisha akauliza, kwa upole, "Mbona mmechelewa hivi? Ameanza lini?"

Bonaya alijibu kwa Kiswahili chake, polepole, anatafuta maneno.

"Mama yangu alianza Jumatatu. Sisi tulisema tubebe yeye tuje. Halafu Jumanne mtu wa kofia alikuja, alisimama kule ng'ambo. Mke wangu alipunga nguo. Yule mtu alikaa chini, akaandika, akaandika. Sisi tukasema, basi, tumeandikwa, watakuja. Tukangoja. Mama alikufa, halafu huyu mke wangu akaanza."

Rehema, nimeyaandika maneno yake kama alivyoyasema. Sijayasahau hata moja. Tumeandikwa, watakuja.

Kama ningepotea njia siku ile nisifike kabisa, wangembeba mama yao Jumanne ile ile wakaja. Kama ningelala nyumbani nikala samaki, wangekuja. Walingoja kwa sababu waliniona naandika.

Nilimtazama Bonaya miguu, kwa kuwa uso sikuweza. Shuka alilojifunga kiunoni lilikuwa limelowa na tope limeweka mstari. Mstari ulikuwa mapajani. Pale katikati ya yale maji, mtu amebeba mtu mwingine mgongoni, yalikuwa yamemfika mapajani tu.

Yule mwanamke alikuwa ameshakufa. Alikufa njiani, na mumewe alijua, lakini aliendelea kumbeba kwa sababu hakuwa na mahali pa kumweka ambapo si maji. Msichana waliyekuja naye alikuwa wa rika lako. Alipewa kikombe akanywa, akatapika, akapewa tena, akaishi.

Utasema, sasa hapo Baba alisema kweli. Sikusema. Jioni ile boti ilipangwa iende kwa Galgalo, na msimamizi akanitaka niende nayo nikafasiri. Nikasema nina homa. Nikalala kwenye mkeka pale tulipokuwa tumehifadhiwa, na mama yako akanifunika blanketi, na wewe ukaniletea maji kwenye kikombe chako cha bluu. Niliyanywa. Walikwenda bila mimi, wakakuta wengine wawili wameshazikwa, na mzee Galgalo mwenyewe hajiwezi. Alikufa siku ya pili yake. Wanne kwa jumla, na yule mke wa Bonaya akiwemo.

Msimamizi aliniuliza swali moja tu. "Komora, ulipofika Jumanne hapakuwa na mgonjwa?"

"Hapakuwa," nikasema. "Labda walianza baadaye."

"Ndiyo, kipindupindu ni cha haraka hivyo," akasema, akafunga faili. Alinisaidia kudanganya bila kujua. Maji yalipokauka wakafanya mkutano mdogo, wakanipa cheti cha mhudumu bora. Ni kile kilicho ukutani, karibu na picha ya Buya, ambacho umekisoma tangu ulipojua kusoma. Nilitaka kukitoa mara nyingi. Kila nikinyoosha mkono naona mtu ataniuliza kwa nini.

Tangu siku ile sikuruka nyumba tena. Hapo insha yako ni kweli, na nataka ukishike hicho pia, usidhani baba yako wote ni uongo. Miaka kumi na zaidi nimekwenda kila mlango, wetu na wao, mvua na kiangazi. Ulikuwa unaniona narudi miguu imeoza kwa tope, ukasema moyoni utakuwa kama mimi. Lakini mwanangu, hukujua nilikuwa natembea kama mtu anayefukuzwa. Nilidhani nikifika nyumba za kutosha, zile tisa zitafunikwa. Hazifunikiki. Kufanya vizuri baadaye ni jambo jema, wala sikujutii, lakini waliokufa hawajui kwamba ulibadilika.

Na ukali wangu kwako, ule wa kukuchapa siku uliyodanganya habari ya daftari la hesabu, mpaka mama yako akaniondolea fimbo mkononi. Ulikuwa na miaka tisa. Sikuwa nakuchapa wewe. Nisamehe hilo kwanza, kabla ya mengine.

Ulipopata barua ya kukubaliwa, na nyumba ikajaa watu na vigelegele, nilimwambia mama yako kila kitu. Alinisikiliza anakata vitunguu. Nilipomaliza alikuwa bado anakata, na vitunguu vilikuwa vimekwisha.

"Mwache mtoto aende, Baba Rehema," akasema. "Mzigo huo ni wako. Usimtwike msafiri."

"Ni wangu. Lakini yeye ameujengea nyumba juu yake."

"Basi nyumba itabomoka, uridhike?"

Nikainuka nikatoka nje. Tulikaa siku tatu hatusemezani, na wewe ukafikiri tunagombania mbuzi wa sherehe.

Wiki mbili zilizopita, ile siku niliyokuambia nakwenda kuangalia shamba Wema, nilikwenda kwa Bonaya. Sasa anakaa nje kidogo ya mji, kando ya barabara ya Hola, na ng'ombe waliobaki baada ya ukame ni wachache. Amezeeka kuliko mimi ingawa tunalingana. Alinipa kigoda. Msichana yule aliyemshika mkono siku ile ndiye aliyetuletea chai, sasa ni mama wa watoto wawili. Aliacha shule darasa la nne akae na wadogo zake, kwa kuwa mama yao hakuwepo. Anaitwa Dhaki. Alinisalimu kwa heshima sana, akaniita baba, akaondoka.

Nilisema yote. Nilisema na lile neno la moyoni, la Buya. Bonaya alikuwa anatazama ng'ombe wake.

"Mimi nilijua wewe," akasema. "Siku nyingi. Kofia ile ya manjano niliona pale dispensari, siku ile ile. Na sura yako niliona. Uliangalia miguu yangu."

"Miaka yote hii ulijua? Mbona hukusema?"

"Niseme kwa nani? Wenye kuandika ni nyinyi."

Nikamwomba msamaha. Nilijitahidi kutumia Kiorma changu kibovu. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akanisogezea kikombe.

"Chai kunywa," akasema. "Hiyo nyingine, mimi sina leo."

Nikanywa chai. Sikujua la kufanya jingine. Baadaye yeye mwenyewe ndiye aliyeanza tena.

"Wanasema binti yako anakwenda Ulaya. Anasoma nini huko?"

"Mambo ya afya. Afya ya nchi nyingi, namna ya kusaidia watu maskini wasife na magonjwa kama haya."

Akafikiri. "Huko wanajua sisi?"

"Wanajua kwa karatasi."

"Karatasi yako?"

Rehema, una digrii na unakwenda kuongeza nyingine. Labda wewe unalo jibu la swali lile. Mimi nilikaa nalo pale mpaka jua likahama.

Nilipoinuka kuondoka alinishika mkono, si kwa kuniaga. Alisema, "Ngoja. Una kalamu? Andika." Nikatoa kipande cha karatasi. Akanitajia, pole pole, na baada ya kila jina akawa ananisubiri nimalize. Hawatu, mama yake. Makai, mke wake. Abdi, mtoto wa jirani yake, alikuwa na miaka mitatu. Galgalo. Kisha akanitaka nimsomee. Nilimsomea. Akasema hapo kwa Makai nimekosea, jina linavutwa mwishoni, nisome tena. Nikasoma tena.

"Mpe binti yako," akasema. "Hapana kwa kufanya kitu. Awe nayo tu."

Karatasi hiyo nimeibandika nyuma ya ukurasa huu.

Sasa utajiuliza ufanye nini na insha yako. Nimeliwaza hilo mpaka kichwa kikauma. Sijui kama chuoni kuna mtu wa kuambiwa, wala kama ukimwambia atakunyang'anya nafasi. Hilo sitakuamulia. Uliandika ulichokiamini, uongo ni wangu. Naogopa nimekuharibia. Naogopa pia kwamba ningenyamaza ungeendelea kwenda mbele ukiwa na picha yangu, na siku moja, umechoka, umesimama mbele ya maji yako, ungejiambia kwamba watu wa damu yako hawaruki nyumba, na hilo likakufanya usijichunguze. Sisi ni watu wanaoruka. Ujue hivyo. Anayejijua huangalia miguu yake.

Na hili moja, kisha nimemaliza. Utakwenda kwa watu na kalamu mkononi, kwetu au kwa wengine, na watakuona. Sijui wataalamu wanaliitaje kwa Kiingereza, lakini kwa mtu maskini aliyesimama mlangoni, ukiandika jina lake mbele ya macho yake umemwahidi. Hata usipofungua mdomo. Atarudi ndani awaambie wenzake wangoje. Kama huna boti ya kuleta, mwambie kabla hujaandika, ili ajitafutie njia yake. Ningekuwa nimepaza sauti tu siku ile nikasema, siji, jitahidini wenyewe, ningekuwa mtu mbaya, lakini Makai angekuwa hai.

Mama yako ametoka amesimama mlangoni. Ameniona naandika, ameziona kurasa zilivyo nyingi. Ameniletea maji akarudi ndani. Nilikuwa nimefikiri niitie barua hii sandukuni, katikati ya nguo, uikute ukiwa umeshafika mbali, na mimi niwe huku salama. Ndilo lililokuwa wazo langu tangu Jumatatu. Nimeliacha. Nitakupa mkononi jioni hii, na nitakaa kwenye kiti hiki mpaka umalize kusoma. Uniulize unachotaka. Ukitaka kulia, lia. Ukitaka kunyamaza, sitakulazimisha useme. Na kesho asubuhi kama hutaki nikupeleke stendi, mama yako atakupeleka, nami nitaelewa.

Nasikia sauti yako huko nje, unasalimiana na jirani. Unacheka. Niache nikusikilize kidogo.

Ni mimi niliyekuzaa,
Komora